Shamba la Mikorosho Likigeuka Pori: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sisimizi wa Maji Moto, Nyuki na Wadudu Wengine Rafiki

Kila ifikapo Mei, mikorosho ikianza kuchipua na watu wakianza kuulizana bei ya salfa, dawa ya ukungu, maswali haya hunifuata popote nilipo: kwenye mkutano wa AMCOS (chama chetu cha ushirika wa mazao), msibani, hata njiani nikiwa na jembe begani. Mengi yanatoka kwa watu waliorithi mashamba yaliyolala miaka mingi, nao hawajui kama wamerithi mali au balaa. Mimi nalima Newala, katika shamba la babu yangu lililokaa pori zaidi ya miaka ishirini kabla sijaliingia na panga. Kabla ya hapo nilikuwa afisa ugani. Ninayoyajibu hapa mengine nimeyasoma, mengine nimeyaona kwa macho yangu nikiwa juu ya mti.

Shamba pori ni lipi hasa? Mbona hata wazee wetu walikuwa wanalaza mashamba?

Kulaza shamba na kulitelekeza ni mambo mawili. Mzee aliyelaza konde lake alijua atalirudia lini, na wakati hilo limelala, lingine lilikuwa linalimwa kando yake. Ardhi ilikuwa ya viraka: hapa mihogo, pale nyasi za mwaka wa pili, kule kichaka, mbele kidogo msitu. Mdudu aliyefukuzwa kiraka kimoja alihamia cha jirani. Shamba lililotelekezwa halina wa kulirudia, na mara nyingi huachwa pamoja na mengine kwa mpigo mmoja, eneo zima likawa la umri mmoja na sura moja. Kwa maoni yangu, kwa nyuki na nyigu wadogo tofauti hiyo ni kubwa kuliko hata ya kulimwa na kutolimwa.

Kwa nini kusini tuna mashamba mapori mengi hivi?

Kusini tumeacha ardhi zaidi ya mara moja, na kila mara kwa sababu yake. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyofuata, viliacha maeneo makubwa bila watu. Pori likarudi na mbung'o wakarudi nalo. Miaka ya 1940 watu wa Liwale walihamishwa kwa sababu ya malale na ili hifadhi ya Selous ipanuliwe. Ukitembea huko na wazee watakuonyesha mahame, wakikwambia hapa palikuwa kwa fulani, na ushahidi wao ni mwembe au mkwaju uliosimama peke yake porini.

Kwa mikorosho, pigo kubwa lilikuja miaka ya 1970. Mkorosho wenyewe ni mgeni, Wareno waliuleta pwani yetu kutoka Brazili karne ya 16, lakini kufikia msimu wa 1973/74 Tanzania ilikuwa inavuna takriban tani 145,000 za korosho ghafi. Wakati huohuo Operesheni Vijiji ilikuwa inahamisha watu kwenda vijiji vipya, na wengi wakajikuta mbali na miti yao. Babu alihamishwa mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka shambani. Miaka miwili ya mwanzo alirudi kuokota. Mwaka wa tatu majani yalikuwa yamemfika kifuani, bei nayo haikulipa hata kiatu alichokanyagia, akaacha. Kisha mwaka 1979 ubwiriunga, ukungu wa unga mweupe unaoshambulia machipukizi ya mikorosho, ukaonekana nchini. Msimu wa 1986/87 mavuno ya taifa yalikuwa chini ya tani 20,000.

Siku hizi bei imerudi na miti mingi imefufuliwa, lakini mashamba bado yanaachwa kwa sababu nyingine: mwenye shamba kafariki, watoto wako Dar es Salaam, na ndugu hawajakubaliana nani agawiwe kipi.

Shamba likiachwa, wadudu gani wanakuja kwanza?

Mvua ya kwanza baada ya jembe kusimama huleta majani ya msimu: kishona nguo, kunde pori, ukoka, na nyasi za kila namna. Wakulima huyaona magugu, lakini huu ndio wakati shamba lina chakula kingi kuliko wakati wowote kwa wadudu wanaotusaidia. Nyigu wadogo kabisa, wengine hawazidi punje ya mtama, hutaga mayai yao ndani ya viwavi na vidukari; mtoto wa nyigu humla mwenyeji wake kutoka ndani. Lakini nyigu mzima anataka asali ya maua. Shamba lisilo na ua hata moja haliwezi kumweka. Nzi wa maua nao ni hivyohivyo: mtoto wake hula vidukari, mzazi hunywa kwenye maua na kubeba chavua. Na nyuki: duniani kuna zaidi ya spishi 20,000 za nyuki, na karibu asilimia 70 hazikai mzingani wala kwenye shina bali huchimba vishimo ardhini. Shamba jipya lililoachwa lina maua na bado lina mapengo ya udongo ulio wazi, kwa hiyo nyuki wa aina hiyo wanapata nyumba na chakula pahala pamoja.

Baada ya misimu michache, visiki vinaanza kusema. Watu wengi hudhani miyombo na mitondoo hurudi kwa mbegu. Sehemu kubwa huchipua kutoka mizizi ambayo jembe halikuifikia. Mitopetope inatokea, maua yake manene yakihudumiwa na mbawakawa wadogo. Upupu unapanda juu ya mikorosho na kuning'iniza maua yake ya zambarau, na yeyote aliyewahi kupita chini yake Agosti anajua kwa nini watoto hawatumwi huko. Vunjajungu na buibui wanaongezeka. Nyuki wanaokaa kwenye matundu ya miti mikavu wanapata makazi. Ila wale wa ardhini wanaanza kupungua, maana udongo umefunikwa na jua haliwafikii.

Ukipita muongo mmoja au miwili bila moto, kivuli kinafunga. Maua ya chini yanakwisha, na wadudu waliokuja na mvua ya kwanza wameshahama. Wamekuja wengine: mchwa wa magogo, vipepeo wa kivulini, mende wa majani yaliyooza. Shamba lina uhai tele, lakini si uhai uleule.

Kwa hiyo kuacha shamba ni vizuri au ni vibaya kwa wadudu rafiki?

Ningependa kujibu neno moja, nisingekuwa mkweli. Miaka ya mwanzo karibu kila mara ni vizuri. Baadaye inategemea nini kimeingia, moto unapita mara ngapi, na mashamba ya jirani yako katika hali gani.

Kuna kisa cha Uingereza ambacho huwa nakisimulia kila mtu anaposema "ukiacha ardhi, asili itajitengeneza yenyewe". Huko kuna kipepeo wa buluu, Phengaris arion. Kiwavi wake huanza kwa kula maua, kisha hujiangusha chini, na sisimizi wekundu wa jamii fulani humbeba hadi kwenye kichuguu chao wakidhani ni mtoto wao. Akiwa humo anakula watoto wa sisimizi hadi akue. Sisimizi hao wanaishi tu mahali ambapo nyasi ni fupi sana na udongo unapata jua. Wafugaji walipopunguza kulisha kwenye vilima vile, na miaka ya 1950 ugonjwa ulipoua sungura waliokuwa wanazikata nyasi, nyasi zikaongezeka urefu kidogo tu, sentimita chache. Udongo ukapoa. Sisimizi wale wakatoweka, na mwaka 1979 kipepeo akatoweka Uingereza nzima. Mtafiti Jeremy Thomas ndiye aliyegundua kiini cha tatizo, na kuanzia 1983 kipepeo akarudishwa kwa mbegu iliyotoka Sweden, safari hii pamoja na mifugo ya kuweka nyasi fupi.

Hakuna aliyemuua kipepeo yule kwa sumu. Alikufa kwa sababu watu waliacha kufanya kazi waliyokuwa wanaifanya kwa karne nyingi. Ninapoona kiwanja cha malisho au shamba la zamani likifunga kichaka, namkumbuka.

Maji moto wanapenda shamba pori au shamba safi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake limenibadilishia namna ya kulima.

Maji moto, wengine wanawaita maji ya moto, ni wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Kitaalamu ni Oecophylla longinoda. Ukitaka kuwaona kazini, simama chini ya mkorosho asubuhi, jua likiwa limeanza kupasha majani. Utaona safu ya sisimizi wameng'ang'ania ukingo wa jani moja kwa miguu na ukingo wa jani la pili kwa meno, wakivuta. Nafasi ikiwa kubwa, mmoja anamshika mwenzake kiunoni, na wa tatu anamshika wa pili, mpaka mnyororo unafika. Majani yakikutana, wanatoka wengine wakiwa wamebeba watoto wa koloni mdomoni, wale funza weupe, na kuwagusisha huku na huku kwenye ukingo. Funza ndiye anayetoa uzi. Mkubwa anamtumia mdogo wake kama sindano. Nimeliangalia jambo hilo mara nyingi na bado hunisimamisha.

Sisimizi hawa huwinda kila kinachotambaa juu ya mti wao, wakiwemo maadui wetu wakubwa wawili: mbu wa mikorosho, anayefyonza machipukizi hadi yakauke kama yameunguzwa, na kunguni anayefyonza korosho changa na kuziachia madoa. Kunguni huyo ndiye anayeangusha vidaka vya minazi Unguja na pwani yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mwingereza Michael Way alichunguza Zanzibar jinsi minazi yenye maji moto inavyookoka, na kunguni mwenyewe akapewa jina lake: Pseudotheraptus wayi. Kusini mwa China wakulima wa machungwa wametumia ndugu wa maji moto wetu kwa karne nyingi, wakinunua viota sokoni na kuvitundika mashambani.

Sasa kuhusu pori. Maji moto wana adui wa nyumbani: sisimizi wadogo wa kahawia, Pheidole megacephala, ambao askari wao wana vichwa vikubwa kupita mwili. Hawa wanaishi ardhini, hupanda mtini kwa maelfu na kuwaua maji moto. Kazi ya watafiti wa kilimo wa Mikocheni, Dar es Salaam, ilionyesha kitu ambacho mkulima wa kawaida hangekitarajia: kwenye viwanja vilivyopaliliwa hadi udongo ukawa mweupe, wale wa kahawia ndio wanaotawala, kwenye viwanja vilivyoachiwa majani chini ya miti, maji moto wanasonga mbele na kuishika miti. Yaani shamba tunalolisifia kwa usafi, limekwatuliwa kama uwanja wa mpira, linaweza kuwa limemfungulia mlango adui wa mlinzi wetu.

Hapo shamba pori linashinda. Lakini haliendelei kushinda daima. Maji moto hupenda majani yanayopata jua. Hujenga upande wa mti wenye joto. Kichaka kikifunga juu na matawi yakishindana gizani, viota hubaki kileleni na pembezoni tu. Niliporudi kwenye shamba la babu, miti ya katikati, iliyozongwa na upupu, haikuwa na kiota hata kimoja. Miti ya ukingoni, iliyotazama barabara, ilikuwa navyo hadi nikashindwa kuhesabu.

Mbona tunaambiwa shamba pori ni kiwanda cha ubwiriunga na mbu wa mikorosho?

Kwa ubwiriunga, ni kweli. Ukungu huu unataka machipukizi laini, na msimu ambao miti mingine haina machipukizi, hujificha kwenye vijitawi vinavyoota ndani ya mti, kivulini. Mti ulioachwa miaka mingi umejaa vijitawi hivyo. Juni, hewa ikiwa baridi na kavu, upepo unachukua unga ule na kuupeleka kwa jirani aliyetumia fedha zake zote kwenye salfa. Watafiti wa kilimo wa Naliendele, Mtwara, wamehimiza kwa miaka mingi kuondoa vijitawi vya ndani kabla ya msimu, na ni ushauri mzuri ambao hauna gharama zaidi ya panga na jasho.

Kwa mbu wa mikorosho, jambo halijanyooka hivyo. Anapenda machipukizi laini, na anaishi pia kwenye mimea mingine, mpera ukiwa mmojawapo. Pori lenye mimea hiyo na lisilo na maji moto litamlea. Pori lenye maji moto wengi ukingoni linaweza kuwa ngome dhidi yake. Kabla hujamlaumu jirani, nenda kaangalie ukingo wake una nini.

Shamba la jirani limeachwa na linanipa ugonjwa. Nifanyeje?

Zungumza naye, au na ndugu zake kama yeye hayupo, umwombe akuruhusu kupogolea safu mbili tatu za miti zinazopakana na yako. Mimi nilifanya hivyo kwa shamba la mama mmoja mjane aliyehamia kwa mwanawe Masasi. Nilimpigia simu, tukakubaliana nipogolee na kuni nimpelekee dada yake kijijini. Usiingie na kufyeka bila ruhusa, na usimwombe achome.

Je, nikilichoma moto si nitaua ugonjwa wote na kuanza upya?

Tafadhali usifanye hivyo. Ninaandika hili kwa uchungu, kwa sababu ndilo jambo ninaloliona likirudiwa kila Septemba.

Moto wa kichaa ukipita kwenye shamba lililokaa miaka mingi unakuta nyasi kavu zimerundikana, unapanda hadi kwenye matawi. Ukishika, hauzimiki kirahisi. Viota vya maji moto vinaungua na malkia akiwa ndani. Nyuki wa kwenye matundu wanakufa na mayai yao, magogo waliyokuwa wanakaa yanakuwa majivu. Wanaookoka zaidi ni wanaokaa ardhini, na kati ya hao ni sisimizi wale wa kahawia. Kisha mvua ikija, kinachorudi haraka ni nyasi za motomoto, zinazoota tena kutoka mizizi yake na kukauka mapema zikisubiri kiberiti cha mwaka unaofuata. Ubwiriunga wenyewe utarudi na upepo kutoka shamba la tatu.

Lima njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba kabla ya Julai. Upana wa hatua tano au sita, udongo mtupu. Hapo tu ndipo napenda kuona udongo mtupu.

Nyuki wanahusika vipi na korosho? Si inajizalia tu?

Haijizalii tu. Shada moja la mkorosho lina maua mengi ya dume na machache yenye uke na ume pamoja. Korosho inatoka kwenye hayo machache. Chavua yake inanata, upepo hauibebi vizuri. Inahitaji mguu wa mdudu. Huko kwao Brazili kuna nyuki wa porini wa jamii ya Centris anayeifanya kazi hiyo kwa ustadi pamoja na nyuki wa asali. Kwetu Centris hayupo, kwa hiyo mkorosho unategemea nyuki wetu wa asali, nyuki wadogo wasiouma, nzi na wengineo wanaotokea porini.

Maua ya mkorosho yanadumu miezi michache tu, takriban Juni hadi Septemba au Oktoba. Nyuki anakula mwaka mzima. Miezi iliyobaki analishwa na kichaka: mitondoo, miyombo, magugu ya ukingoni. Ukifyeka kila kitu hadi mpakani, unawaita wafanyakazi kwa miezi minne na kuwafungia jiko kwa miezi minane. Ndiyo sababu mizinga yangu nimeitundika pale shamba linapokutana na pori, na sikuigusa sehemu ile.

Kuna wanaouliza kama maji moto hawawafukuzi nyuki mauani. Huwasumbua wengine, ndiyo. Pia hufuga vidugamba, wadudu wadogo wanaofyonza mti, kwa ajili ya utamu wao. Kwa hesabu yangu ya korosho zinazoingia ghalani, faida inazidi, lakini sitamficha mtu hilo.

Lantana imejaa shambani na vipepeo wanaipenda. Niiache?

Iondoe taratibu. Vipepeo wanakunywa kwake kweli, lakini inasonga mimea mingine yote ambayo viwavi wao wanaihitaji, na ikishafunga hakuna kinachoota chini yake.

Na nyoka? Na nguruwe?

Nyoka watakuwepo, vaa buti, piga majani kwa fimbo kabla ya kuingia. Nguruwe pori na nyani ndio tatizo kubwa zaidi, hasa kama jirani ana mihogo, na kwa mkulima mdogo hasara hiyo ni chakula cha watoto. Wataalamu wanaosifia pori wakiwa mjini wanapaswa kulijua hilo.

Shamba langu limekuwa msitu kabisa. Je, lina thamani sawa na msitu wa asili?

Hapana, ingawa lina thamani. Chukua mfano wa Rondo, Lindi. Msitu ule una komba mdogo anayeitwa kwa jina la mahali hapo, komba wa Rondo, aliye hatarini kutoweka, na misitu ya pwani kwa jumla ina mimea na wadudu wasiopatikana kwingine duniani. Viumbe wa namna hiyo hawaruki kilomita ishirini za mashamba kuja kukaa kwenye mikorosho yako. Shamba lililoachwa hujazwa na viumbe walioko karibu. Likipakana na msitu wa zamani, litapokea wengi na litakuwa daraja. Likizungukwa na mashamba yaliyokwatuliwa na kupuliziwa dawa, litapokea wale wagumu tu, wanaoishi popote. Kwa hiyo mtu akikwambia tukate msitu huu kwa kuwa mashamba ya zamani yanarudi kuwa pori, mkatalie.

Nataka kulifufua shamba la urithi bila kuwaangamiza wadudu waliomo. Nianzie wapi?

Anza kwa kutofanya kitu kwa siku mbili. Tembea shambani asubuhi na jioni ukiwa na kamba za rangi au vitambaa vikuukuu. Kila mti wenye kiota cha maji moto, funga kitambaa. Kila gogo lenye matundu ya nyuki, funga kitambaa.

Halafu gawa shamba mafungu matatu, na ulifyeke kwa misimu mitatu. Usifyeke lote mwaka mmoja hata kama una fedha za vibarua. Nilipoanza nilifyeka theluthi upande wa barabara, nikaacha zilizobaki, na wadudu walikuwa na pa kukimbilia na pa kurudia.

Mikorosho iliyopandwa zamani mara nyingi imesongamana. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12. Itabidi ukate baadhi ya miti, na hapa chagua kwa makini: toa ile inayogombana na wenzake, isiyo na kiota. Miti mikuukuu lakini yenye shina zima unaweza kuikata na kubebesha vikonyo (vijitawi) vya mbegu bora kwenye machipukizi yake. Lakini ukipunguza miti unakata madaraja ya maji moto, maana hupita tawi hadi tawi. Funga kamba au fito kati ya miti ya koloni moja. Utajuaje ni koloni moja? Chukua sisimizi kadhaa wa mti huu uwaweke kwenye mti ule. Wakigusana papasi na kuendelea na safari, ni ndugu. Wakikamatana miguu na kuvutana, usiwaunganishe.

Mtu akikwambia akupe kiota upeleke shamba lako, muulize kama malkia yumo. Koloni huwa na malkia mmoja, katika kiota kimoja kati ya vingi. Ukihamisha viota visivyo na malkia, wiki chache zitapita na vitakuwa majani makavu.

Chini ya miti, palilia duara tu kuzunguka shina ili korosho zionekane zikidondoka. Katikati ya safu kata majani kwa slesha, usikwatue, na ukate safu moja na kuruka nyingine ili siku zote pawepo maua mahali. Kung'atwa kutakuwepo wakati wa kupogolea. Paka majivu mikononi na miguuni, na fanya kazi mapema kabla hawajachangamka. Wakati wa mavuno shida si kubwa, kwa kuwa korosho tunaziokota chini.

Dawa je?

Salfa ni kwa ajili ya ukungu, na kwa shamba lililotoka porini utaihitaji miaka ya mwanzo. Tumia kipimo, kwa sababu salfa nyingi mwaka baada ya mwaka hugeuza udongo kuwa wa tindikali. Dawa za kuua wadudu ni suala jingine. Muuza dawa mmoja aliniambia nipulize shamba zima "kwa kinga" mwezi wa sita. Nilimsikiliza. Ndani ya wiki moja viota vyote vya theluthi niliyoipulizia vilikuwa vimekauka, na mwezi wa nane mbu wa mikorosho walikuja kwenye miti isiyo na mlinzi. Ilichukua misimu miwili maji moto kurudi kutoka ukingo niliouacha. Siku hizi napulizia mti ulioshambuliwa tu, na ukiwa na kiota siugusi.

Nikiacha sehemu ya shamba kwa ajili ya wadudu, kijiji hakitaninyang'anya?

Swali zuri, na watu wengi hawalijui jibu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 45, inaruhusu ardhi ya kijiji kuhesabiwa imetelekezwa kama haikukaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka mitano. Halmashauri ya kijiji lazima itangaze kwanza na kukupa nafasi ya kujieleza. Sehemu yenye mizinga, njia ya moto iliyolimwa na miti iliyopogolewa haionekani kama imetelekezwa. Mwite mwenyekiti wa kitongoji aje aione, muandike kwa maandishi kwamba ni eneo la nyuki, na mipaka yake iwe na alama.

Nitajuaje kama wadudu wanarudi?

Chagua miti ishirini, iandike namba kwa rangi, na kila mwanzo wa mwezi kuanzia Mei hadi Oktoba hesabu ina viota vingapi vibichi, vyenye majani ya kijani. Mwaka wangu wa kwanza katika theluthi ya barabara nilipata miti minne yenye viota kati ya ishirini. Msimu uliopita ilikuwa kumi na tatu. Kwa mti ambao huna uhakika nao, weka kiganja kwenye shina usawa wa kifua na utulie. Kama wapo, hutahesabu hadi thelathini kabla wa kwanza hajasimama juu ya kidole chako, ameinua tumbo na kufungua meno, akikuuliza umefuata nini.